Ua la Dirishani kwa Valeriu

Mdogo wangu Valeriu,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba ua lako jekundu la dirishani limechanua, theluji ikiwa imefika magotini. Sisi tuliobaki kijijini tu wazima. Kuku wamegoma kutaga.

Ulipokwenda Italia ukaniachia funguo, ulisema, "Dada, itunze nyumba kama yako." Nimeitunza. Sofa bado zimo ndani ya nailoni, na vyumba navifagia ingawa hakuna wa kuvichafua. Kisha padri akahubiri juu ya yule mtumwa aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini. Nikazishika funguo zako mfukoni, nikaona aibu.

Wiki hiyo hiyo nyumba ya Safta, jirani yetu mjane, ikaungua. Nilimkuta na wanawe wamejibanza kwenye zizi langu la ng'ombe. Nikamwambia ahamie kwako.

"Mama wee! Valeriu akirudi si atanitupa nje na masufuria yangu!"

"Valeriu ni Mkristo. Anajua kila kitu ni cha Mungu, sisi mawakili tu."

"Kujua anajua, dada. Ila anajua kwamba hata sofa zimo katika hicho kila kitu?"

Nikawahamishia kwako hivyo hivyo, na swali lake nakuletea wewe. Ukisema watoke, nitawatoa, na padri nitamweleza ni wewe uliyesema. Lakini nyumba yako ina joto kwa mara ya kwanza tangu uijenge. Hata ua limeliona.

Dada yako,
Leontina

Kuni zako zimeisha.