Mutu wa Sahani Yake

Jumatatu, 3 Juni 1957. Kasongo.

Nimepanda mizani ya mpunga kabla wafanyakazi hawajafika. Kilo 54 na nusu. Nilipotoka lopitali nilikuwa 47. Juma tisa bila ngano. Mizani haina upendeleo, ndiyo maana naiamini.

Munganga wa lopitali alisema hata kwao Ulaya jambo hili wamelijua juzi tu: tumbo langu na ngano hawapatani. Mkate, chapati, biskuti, makaroni, basi. Wali, muhogo, samaki, ndizi, ruhusa. Nilicheka. Mimi mwenye mashine ya kukoboa mpunga, niliyoinunua kwa jasho langu, Muzungu ananiagiza nile wali!

Shida si wali. Shida ni sinia. Kwa yaya Mwamini, dada yangu aliyenilea mama alipokufa, watu wote wanakula sinia moja. Sasa napakuliwa pembeni. Mume wake, shemeji Shabani, amenipa jina: Mutu wa Sahani Yake.

Alhamisi, 6 Juni.

Kosa langu. Niliona aibu, nikachovya ugali katika bakuli la mchuzi ambamo wenzangu walikuwa wakichovya chapati. Masaa matatu baadaye, tumbo. Chooni mara saba. Nimeandika: makombo, masaa matatu, tumbo.

Jumapili, 16 Juni.

Jana nimerudi kutoka Kabambare, nilikokwenda kununua mpunga. Ijumaa mwenye duka mmoja alinikaribisha supu. Akaniapia ni kuku na maji tu. Nilipomaliza bakuli, mpishi wake akasema ameitia unga wa ngano iwe nzito. Tumbo halikusema neno. Leo, siku ya pili, mdomo umejaa vidonda na magoti yanauma. Kilo 53 na nusu.

Nikamweleza yaya. Akapiga makofi.

"Juzi tumbo, leo mudomo. Ugonjwa gani hii inabadilisha kanzu kila juma?"

Shemeji: "Kesho itavaa kofia."

Tulicheka wote. Hata mimi, na vidonda vyangu.

Jumanne, 25 Juni.

52. Sielewi. Sikugusa mkate. Sikula kwa watu. Asubuhi vitumbua vya mchele vya yaya, mchana wali na sombe, majani ya muhogo, jioni vilevile. Tumbo kimya. Mdomo umepona. Lakini nasinzia juu ya magunia huku mashine inanguruma. Viwiko vimetoka malengelenge, yanawasha mpaka nayakuna kwa gunzi la mahindi.

Nimehesabu kila kitu kilichopita mdomoni mwangu siku tisa. Hesabu haitoki. Labda munganga alikosea. Labda ni ugonjwa mwingine, ule wa kuzikwa nao. Naogopa. Sitamwambia mtu.

Jumamosi, 29 Juni.

51.

Leo tulipomaliza kula, yaya akasimama mbele ya majirani wawili, anatabasamu.

"Mudogo wangu, unajua umekula nini? Siku kumi na mbili natia bunga ya ngano ndani ya vitumbua vyako. Konzi moja kila asubuhi. Na haukukimbia choo hata mara moja! Uko muzima. Muzungu alikudanganya."

Shemeji akapiga meza. "Rudi kwa sinia, Mutu wa Sahani Yake!"

Majirani wakacheka. Nikakunja mikono ya shati. Nikawaonyesha viwiko. Nikawasomea kilo kutoka daftari hili: 53 na nusu, 52, 51. Kicheko kikaisha. Yaya akaviangalia viwiko.

"Ni joto," akasema. Kwa sauti ndogo.

Konzi kumi na mbili. Si mgeni, si mshindani wa biashara. Mkono ule ule ulionilisha uji. Alidhani mimi mwongo, akautafuta uongo ndani ya mwili wangu, na mimi kila asubuhi namwambia asante. Adui ningejua pa kumweka. Yeye nimweke wapi?

Jumapili, 30 Juni.

Nimehamishia chungu kwenye mashine. Napika mwenyewe. Yaya ametuma sahani, imefunikwa. Nimeirudisha imefunikwa.

Jumatano, 3 Julai.

Shabani amekuja peke yake. Leo hakutania. "Shemeji, yaya yako hakai na watu. Anakula jikoni." Nikamjibu mpunga wa watu unaningoja. Alipoondoka nikakaa kitako, sikukoboa kitu. Bado nina hasira. Malengelenge bado yanawasha.

Jumamosi, 13 Julai.

Nilipopanda mizani asubuhi, yaya alikuwa mlangoni. Hajui kusoma.

"Ngapi?"

"Hamsini na mbili."

Akatikisa kichwa. Sikumkaribisha, wala sikumfukuza. Akachota majivu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akasuuza. Akachota majivu tena. Nilikuwa namtazama, na alijua namtazama. Kisha akachukua ungo wangu, akapeta mchele wangu. Nilimwachia hilo. Moto niliwasha mimi. Chungu nilifunika mimi, nikakaa karibu nacho.

Sijasamehe. Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Wali ulipoiva nikapakua sahani mbili. Yake, na yangu. Yaya akaiangalia yake muda mrefu. Toka nizaliwe hatujala hivyo, mimi na yeye.

Akasema bismillahi, akala.