Unga wa Ndizi Mbichi wa Mama Mkwe

Voi, Jumapili

Mke wangu, Mama Wakesho,

Hamjambo huko Mahoo, wewe na mtoto? Kile kikohozi chake kimekwisha? Mimi mzima, ila nina aibu hata kalamu inanishinda.

Tumbo langu unalijua. Tangu aje bwana mpya wa kutusimamia stesheni, nikisikia tu viatu vyake tumbo linawaka mpaka kifuani. Dawa nyeupe ya dresa wa zahanati nimekunywa mpaka nimechoka. Nilikukataza usimwambie mtu, nawe ukamwambia mama yako! Nilikasirika, lakini sasa nisikilize.

Alhamisi ya wiki iliyopita mama alishuka kwenye gari moshi la Taveta na ndizi zake za kuuza. Nilimwona kwa mbali, nikajificha nyuma ya bohari, kama inavyompasa mkwe, asionane uso kwa uso na mama mkwe wake. Huko huko tumbo likanikata. Nikaanguka, nikatapika mbele za watu, nao wakasimama kunitazama tu. Mama akapenya katikati yao, akaona ni mimi. Lo! Akageuka upesi, akajifunika kanga usoni. Nikamsikia akiomba maji. Akakoroga ule unga wa ndizi mbichi aliouanika na kuutwanga mwenyewe, kisha akanijia kinyumenyume, amenyoosha kikombe mgongoni asinione.

"Mpeni huyo," akasema. "Anywe pole pole, kabla ya kula chochote. Mimi simjui, lakini ugonjwa huo naujua."

Alisema hivyo kunisitiri, watu wasijue kwamba huyu aliyelala katika matapishi ni mkwe wake.

Mara akaja karani wa stesheni. "Nani amemruhusu mama huyu kuchafua hapa na unga wake?" Akanigeukia. "Ni mtu wako?"

Mama Wakesho, nilijua nikisema ndiyo watamwacha. Lakini nilimwona bwana anakuja, na viatu vyake vile. Nikasema, "Simjui."

Askari akamsukuma nje. Mkungu mmoja ukaanguka, ndizi zikakanyagwa. Hakugeuka nyuma. Mfuko wa unga aliuacha kando yangu.

Najua hajakuambia. Nakunywa unga huo kila asubuhi na moto umepungua, hata juzi nilikula maharagwe nikalala vizuri. Lakini kila nikikoroga nasikia lile neno langu. Sasa unakaribia kwisha, na sina uso wa kuomba mwingine. Usiniombee.

Nisalimie baba mkwe, na dada yako mshonaji, na jirani yetu wa mferejini aliyetupa mbegu za mahindi. Wakesho mbusu kwa niaba yangu.

Mama usimpelekee salamu, hazitoshi. Kaa naye jikoni, mkiwa wawili tu, umwambie hivi: Baba Wakesho anasema anakujua.

Mimi mumeo,
Baba Wakesho