Gari ya Sudi Inakuja Kwenu Bila Stika

Nyamugari, Gitega
Ijumaa, 11 Julai 2025

Mpendwa wifi yangu Layla,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Habari za Muyinga, habari za vumbi la kiangazi, na huo mguu je? Uvimbe umepungua, au bado unazunguka sokoni kutwa nzima halafu jioni unalia? Najua hunisikii, lakini nitasema tu: pumzika, wewe si msichana tena. Shemeji Hamadi naye hajambo? Kifua chake kimetulia?

Sisi huku tunapumua, alhamdulillah. Watoto ni wazima, wako likizo, wanakula kama nzige. Mimi eda yangu haijaisha. Tangu tumzike kaka yako Sudi sijavuka lango, naishi kati ya jiko na ua, bila wanja wala marashi, na majirani wananiletea habari za soko kama mfungwa.

Usinune kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Wewe na Sudi sauti yenu ni moja, hata kile kikohozi cha kuanzia maneno. Nikikusikia tu ukisema "alo", mimi nakata simu. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Haya, nikuambie kilichoniweka hivi. Gari imepata mtu. Unajua imelala uani tangu msiba, na mirathi haiwezi kugawanywa gari ikiwa imekaa pale inaotewa na majani. Aliyekuja ni Nazario, mkulima wa Gasorwe huko kwenu, Mkristo aliyekulia Tanzania. Kiswahili chake kimenyooka mpaka sisi wa hapa tunaona aibu kumjibu. Anataka kubebea maharage na ndizi, yeye na mkewe Efrazia. Nilimuuliza mdogo wako Mustafa petroli watapata wapi, maana huku essence tunaisikia tu kwenye redio. Akanijibu hiyo ni shida ya mnunuzi.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, wao wawili wakiongea uani. Nazario akasema, "Gari nimeipenda. Ila naomba stika zote za ndani zitolewe, na mzitoe nyinyi wenyewe. Pale mbele kuna maneno ya dini yenu. Mimi sijui yanashikwaje, nisije nikakosea. Na plastiki isiumie, mama watoto wangu ana jicho kali." Amesema kwa adabu sana. Ningependa angesema kwa ukali, walau ningepata wa kumkasirikia.

Wifi, unazijua zile stika. Ndugu yako alikuwa hawezi kuona mahali patupu asipabandike kitu.

Mustafa, Mungu amsamehe mdogo wako huyo, akasema hiyo ni kazi ya dakika tu. Akachukua kisu changu cha vitunguu, akaanza na ile ya mlango wa abiria. Unaikumbuka: MLANGO HAUJAKUKOSEA, UFUNGE POLEPOLE. Ndiyo, ile ile iliyochapishwa kwa ajili yako, baada ya wewe kuubamiza ule mlango siku ya harusi ya Ilyasi mpaka kioo kikashuka chenyewe. Mustafa akakwangua kama anakwangua ukoko wa sufuria. Maneno yakatoka vipande vipande, na plastiki ikabaki na mikwaruzo ambayo hata kipofu ataipapasa. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia ukutani. Nikamnyang'anya kisu na kumfukuza, na nikabaki mimi na gari.

Jirani aliyechungulia ni Raissa, yule msusi. Akaja na kichupa chake cha kutolea rangi ya kucha, ati hiyo inamaliza gundi yoyote. Hebu fikiria, mtu wa eda na dawa ya kucha! Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba, halafu nikaona haya kucheka. Bahati nzuri nilijaribu kwanza chini ya usukani, mahali pasipoonekana. Plastiki ikageuka nyeupe na kulainika kama ugali mbichi. Nikamrudishia kichupa chake na shukrani.

Basi nikafanya nilivyojua mwenyewe. Nilichovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikakikamua, nikakilaza juu ya stika mpaka gundi ikalegea. Halafu nikainua pembe kwa kucha ya kidole gumba, nikaivuta polepole sana, nikiilaza, siyo kuinyanyua juu. Ikigoma naacha, naweka kitambaa tena. Jua la mchana nalo lilisaidia, gari ilikuwa ya moto kama tanuri. Gundi iliyobaki nikaipaka mafuta ya alizeti kidogo na kuifuta kwa sabuni. Hakuna alama, hakuna mkwaruzo. Nilijisifu peke yangu.

Nilijisifu mapema. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na zile stika ndogo za chingamu. Kila Sudi akirudi kutoka Muyinga, Salima wetu alikuwa anakimbilia kubandika moja kabla kaka zake hawajaingia, na baba yake hakuwahi kumkataza. Mtoto alikaa kwenye kizingiti akiniangalia ninavyozitoa. Hakulia. Nilipomaliza akaziomba, akaenda kuzibandika kwenye ukuta wa chumba chake. Gundi ilishakufa kwa maji ya moto, zikawa zinaanguka moja moja. Akaziokota, akazibandika tena, zikaanguka tena.

Ikabaki moja tu, yako. Ile dua ya safari uliyomletea uliporudi Makka, akaibandika juu ya dashibodi, mbele ya abiria, ili kila anayepanda aisome. Nilikwenda kutia udhu kwanza. Nikatafuta kitambaa kipya, maji safi, nikakaa kwenye kiti cha abiria, na mikono ikakataa. Ni jina la Mungu, sitaki lipasuke mkononi mwangu. Na ni kile kitu ambacho Sudi alikuwa anakigusa kwa vidole viwili kabla ya kuwasha gari, unakumbuka? Kwenye pembe moja maandishi yalikuwa yamefifia kwa vidole vyake. Nilikaa pale na kitambaa kikapoa. Nikakichovya tena, kikapoa tena. Nilikuwa kama mtu aliyetumwa kitu na kusahau alichotumwa.

Mwishowe ilitoka, yote, bila kuchanika hata ncha. Lakini chini yake, wifi, pakabaki umbo lake. Jeusi, limenyooka pande zote nne, pale pale juu ya dashibodi. Nikadhani ni gundi, nikasugua kwa sabuni, halikutoka. Mafuta ya alizeti yalikuwa yameisha, nikakimbilia jikoni nikabeba mawese. Mawese, Layla! Mtu mzima mimi, niliyepika maharage kwa mawese maisha yangu yote na kuharibu kila nguo niliyowahi kupenda. Yakatiririka hadi kwenye kitambaa cha kiti, na sasa kiti kina mchirizi mwekundu ambao hautoki kwa maji wala kwa machozi. Vyote viwili nimejaribu.

Ni Mustafa aliyekuja kunionyesha, kwa upole safari hii. Akasema, "Shemeji, acha kusugua. Hilo si doa. Hiyo ndiyo rangi ya gari ilivyokuwa mpya. Jua limekula kwingine kote, hapo halikufika." Nikatazama, kweli. Hakuna cha kufanya. Huwezi kulifuta, na huwezi kulirudisha jua nyuma.

Kesho asubuhi Nazario anakuja. Atakuta mlango umekwaruzwa, kiti kina mawese, na dashibodi ina umbo la dua aliyoomba itolewe. Sijui atasema nini. Na mimi, nikuambie ukweli, nimeswali na sijui niombe nini. Akiikataa, mirathi inakwama na watoto wanarudi shule bila kitu. Akiichukua, uani kwangu patakuwa patupu. Nimeinua mikono tu, Mungu mwenyewe aamue.

Barua hii nitampa yeye, maana akienda Gasorwe atapita kwenu. Kwa hiyo kama unaisoma, ujue gari ameichukua. Dua yako nimeifunga kwenye kitambaa cheupe, imo humu ndani ya bahasha. Kuichoma siwezi, kuitupa haitupwi, na kukaa nayo nimejaribu usiku mmoja tu nimeshindwa. Nakurudishia.

Nisalimie shemeji Hamadi, na shangazi Vumilia, mwambie ile dawa ya kikohozi imewafaa watoto. Msalimie Ilyasi na mkewe. Raissa anakusalimu pia, anasema ukija atakusuka bure. Mungu akuponye mguu, awalinde na kuwapa riziki ya halali, na amlaze kaka yako mahali pema.

Jambo la mwisho, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Jana Mustafa aliwasha injini kuipasha moto. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia gari, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshabandika maji ya kuoga ya Sudi. Yalichemka, nikayaangalia yakichemka. Nakuambia ili wewe usifanye hivyo. Nazario akipiga honi mlangoni kwako, ni honi ile ile, hiyo hatukuweza kuibadilisha. Usitoke mbio na huo mguu. Usimmiminie kaka yako chai. Toka taratibu, upokee bahasha yako, na ukitaka kukaa kidogo kwenye kile kiti cha mbele, Nazario ni mtu mzuri, atakuruhusu.

Ila ukishuka, wifi yangu, kile kibandiko chako hakipo tena cha kukukumbusha. Ufunge mlango polepole.

Ni mimi nikupendaye, wifi yako asiyekuwa na mwingine,
Kulthumu, mke wa Sudi