Nimeyaona Mashimo ya Tendaguru

Mitwero, Lindi

Maalim Shomari, assalaam alaykum. Barua hii ni ya mume wangu, lakini nimeituma kwako dukani kwa sababu barua zote za mtaa wetu wa Kivinje hufikia hapo na husomwa hapo hapo barazani. Kabla hujaendelea, mtume mtu akamwite Baba Mwajuma. Akisema anaumwa, aambiwe ni barua ya mkewe. Akisema apelekewe ndani, aambiwe mkewe amekataza. Akifika mpisheni pale ukutani alipokuwa akikaa siku zote, ndipo usome.

Umekaa, mume wangu? Shikamoo. Ninayesema ni mimi mkeo, anayeandika ni mkwe wetu Athumani. Ameketi mbele yangu na kalamu, nami nimemwapisha asipunguze neno wala asitie viraka vyake vya ufundi cherehani. Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la kushoto limenuna kidogo, na sababu yake utaisikia. Wewe hujambo? Kifua je? Unakula ukashiba, au unadonoa tu ili aliyeleta sahani aondoke? Na yule mbuzi mweupe ameshazaa?

Mwajuma arobaini yake imekwisha, ametoka nje salama na mtoto wake. Mtoto ni wa kiume kama mlivyosikia, na wamempa jina lako, Bakari. Ana paji lako la uso na hasira zako za njaa. Lakini siku ile ya kumpa jina, mtu mmoja wa Kivinje aliyehamia huku Lindi alicheka mbele ya wageni akasema, "Bakari yupi, Bakari Mifupa?" Nikaendelea kupakua wali kwa kuwa ilikuwa shughuli ya watu. Moyoni nikasema hapana, mjukuu wangu hatakua na jina hilo.

Nyote hapo barazani mnaijua habari yenyewe, lakini nitaisema, huenda yupo mgeni. Mume wangu alipokuwa kijana, wakati wa Mjerumani, alikwenda Lindi kutafuta kazi akawa mpagazi. Husema kwamba huko porini, mahali paitwapo Tendaguru, walichimbua mifupa ya mnyama ambaye hakuna aliyepata kumwona hai, mfupa wa paja ukimpita mtu kwa urefu, wakaibeba hadi pwani ikapakiwa melini kwenda Ulaya. Tangu anioe naisikia habari hiyo, na vituo vya njiani ni vile vile, havijabadilika hata kimoja. Mkamwita Mzee Mifupa, naye akavumilia. Kisha siku ya maulidi, mbele ya wageni na wakwe, wewe Sefu jirani yetu ukamuuliza kwa sauti, "Mzee Mifupa, zimwi lako mwaka huu limeota mkia?" Watu wakacheka hadi wapiga dufu wakapoteza mwendo. Baba Mwajuma akachukua fimbo yake akaenda zake nyumbani. Tangu hapo alasiri anaisali chumbani, barazani haji, na nilipoondoka kuja kumwuguza binti yangu nilimwacha uani anatazama kuku. Mtu mzima kuwekwa ndani kama mwari. Iliniuma, Sefu, na bado inaniuma.

Basi arobaini ilipokwisha nikamwendea Bi Salima, mama yake Athumani. Yeye ni Mmwera, kwao Milola, mwanamke wa jembe, si wa maneno mengi. Nikamwuliza, "Dada, huko kwenu pana mahali panaitwa Tendaguru?"

"Papo. Unataka nini huko? Hapana duka."

"Nataka mashimo."

Akanitazama kama mtu anayepima nazi kwa kuigonga. Kisha akasema, "Nami kwetu sijakwenda siku nyingi. Tafuta viatu."

Athumani aliguna. Yeye alidhani mama mkwe akishamtoa mtoto nje hupewa kitambaa chake akarudi kwao. Najua unaandika haya, Athumani, na uyaandike.

Tukapanda gari la Mhindi anayenunua ufuta, sisi juu ya magunia matupu. Buibui langu nililikunja nikalitia kapuni. Kituo cha kwanza Ng'apa, gari likataka maji. Pana kijito pale chini ya miti, maji yake baridi hadi meno yanauma, nikanawa uso nikakukumbuka, mume wangu. Ulisema mkitoka porini mlikuwa mkitua Ng'apa mara ya mwisho, mnaoga na kupakana mafuta shingoni, msije mkaingia mjini mnanuka. Nilikaa pale juu ya jiwe nikasema peke yangu, "Moja."

Kisha Rutamba. Hapa nitasema ukweli wangu. Mimi nimezaliwa pwani na nimezeekea pwani, bahari naijua na mito naijua, lakini ziwa nilikuwa sijaliona, na kumbe liko nyuma ya Lindi tu hapa. Maji mengi yametulia, yamezungukwa na matete, ndege weupe wamesimama ndani yake kama watu wanaongoja zamu. Tulifika na hamu ya samaki. Nikatandika kanga yangu ukingoni nikakaa. Bi Salima akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja maji yapwe, tuokote cho chote cha mboga. Mume wangu, yule mwanamke asiyecheka alicheka akakaa chini. Akawaita wenzake waliokuwa wakianika samaki, akawaambia, "Njooni mmwone mama wa Kilwa, anauliza ziwa linapwa saa ngapi." Wakanipa samaki bure kwa ajili ya kicheko hicho. Ni watamu, lakini wanataka chumvi nyingi, maana hawakuzaliwa nayo. Na tulipokuwa tunakula, viboko wakaguna ndani ya matete, nikasema, "Mbili." Maana ulituambia hapo wapagazi wote mlipita mmefunga midomo kwa kuwaogopa viboko.

Toka hapo ni miguu. Kuna kilima kikali cha mchanga na mizizi, goti langu likaanza maneno yake. Nikamwambia Bi Salima, "Mume wangu husema palikuwa na kilima, wapagazi wakakiita Nitue, kwa sababu kila mtu alifika katikati akasema hivyo." Akasimama. "Ndicho hiki," akasema. "Tangu nikiwa msichana tunakiita Nitue, na hakuna aliyepata kuniambia jina limetoka wapi." Tukakaa papo hapo kwenye kivuli tukala mihogo. Ukiwa pale juu unaona mabonde yote ya kijani hadi macho yanachoka, na upepo unapanda kutoka chini una harufu ya majani mabichi. Nilifurahi, nikasema nikirudi nitawahimiza wanawake wenzangu tutoke, tumekaa mno kwenye mabaraza ya nyuma tukisema habari za ndoa za watu.

Milola walitupokea kama mabibi harusi. Walitupikia ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa wakati wa kiangazi, unaimenya ya moto unakula na chumvi na pilipili. Nimekula nikasahau wali. Asubuhi ndugu zake Bi Salima wakatusindikiza, na mchana tukafika.

Sasa sikilizeni vizuri. Tendaguru ni kilima, si kikubwa. Nyasi zimeota, miti imeota, na katikati ya nyasi ni mashimo, shimo baada ya shimo, mengine marefu kama nyumba, kingo zake zimeanguka. Mtu asiyejua atadhani watu walikuwa wakitafuta maji wakakosa. Aliyetuonyesha ni mzee wa hapo, Mzee Ungele, ana shamba la mtama pembeni. Alichimba kwa Mjerumani, na Mwingereza alipokuja naye akamchimbia. Akatupeleka kwenye ukingo mmoja, akafuta udongo kwa kiganja, akasema, "Shika." Nikashika mfupa. Mzito kama jiwe la kusagia, na ulipovunjika una vitundu vitundu ndani kama mfupa wa ng'ombe. Nikamwuliza paja la mnyama huyo lilikuwa na urefu gani. Mzee akatua jembe, akalala chali kwenye nyasi, akanyoosha mikono juu ya kichwa, akasema, "Lilinipita hapa kwenye vidole." Sefu, umesikia? Lilimpita kwenye vidole, na mzee mwenyewe ni mrefu.

Kile kipande sikukichukua. Wenyeji hawapendi, nami sikuja kuiba. Nilichotaka kilikuwa kingine. Nikamwuliza, "Unamkumbuka mpagazi mmoja kutoka Kilwa Kivinje, Bakari?"

Akatikisa kichwa. Akasema wapagazi walikuwa njia nzima, mbele huoni mwanzo, nyuma huoni mwisho, nani atakumbuka jina. Moyo ukanishuka, nakuambia kweli. Nilikuwa nimeyaona mashimo lakini nilitaka mtu. Nikajifunga kanga niondoke. Ndipo akasema, "Ngoja. Mswahili wa Kilwa? Yule aliyekuwa akiisomea mifupa?"

Nikamwuliza akiisomea nini. Akasema watu waliiogopa ile mizigo, wakadhani ni majini waliogeuka mawe, wengine wakitupa mzigo na kukimbia porini. Palikuwa na kijana wa Kilwa akawa anaisomea Yasini asubuhi kabla haijanyanyuliwa, na wenzake wakitulia. Wakawa hawataki kuondoka bila yeye. "Sauti yake nzuri," akasema, "lakini akifika kwenye pumzi ndefu alikuwa anakohoa kidogo, halafu anaendelea."

Nyinyi mliokaa hapo, mmesali nyuma ya nani Ramadhani zote zile? Nani anakohoa kidogo, halafu anaendelea? Sina zaidi. Mashimo yapo, mifupa ipo, na mtu aliyekuwapo yupo hai analima mtama. Asiyeniamini nauli ya gari la Mhindi si kubwa, na Bi Salima yuko tayari kumwonyesha njia, ila atamcheka.

Nisalimieni wote. Dada yangu mkubwa, mwambieni mjukuu ana afya na asiniletee tena dawa ya tumbo, tunayo. Wifi yangu anayempikia mume wangu, Mungu ampe heri, na aweke nazi zaidi. Mama mzazi wa Sefu, ambaye ananijua tangu tulipokuwa tukisuka ukili pamoja, mwambieni nampenda, na kwamba mwanawe ana neno la kumwambia Baba Mwajuma leo hii kabla magharibi haijaadhiniwa. Na wewe Maalim, ahsante kwa sauti yako. Ndani ya bahasha pana karatasi nyingine iliyokunjwa peke yake, nimeiandika kwa mkono wangu kwa herufi za msahafu. Ni ya mume wangu. Najua herufi hizo unazisoma kuliko sisi sote, ndiyo maana nakuomba usiifungue.

Mimi mkeo niliye mbali lakini si sana,
Mama Mwajuma



Mume wangu, sasa tuko wawili. Funga mlango.

Mzee Ungele alisema na mengine, na haya sikumpa Athumani ayaandike. Mizigo midogo uliibeba kichwani kama wenzako, hilo ameapa. Lakini lile paja kubwa, ambalo mimi na watoto ulituambia ulilibeba peke yako begani kama gogo la mnazi, lilifungwa kwenye miti miwili likachukuliwa na kundi la wanaume, na wewe ukiwa katikati. Na kwa ufupi wako, mume wangu, mti haukufika begani kwako. Warefu walikuwa mbele na nyuma wanatoka jasho, nawe unatembea chini ya mti umeinua mikono kama mtu anayeanua nguo. Mnyapara akakuona, akakutoa, akasema, "Wewe mfupi, basi angalau tusomee." Ndivyo Yasini ilivyoanza.

Nilicheka hadi Bi Salima akanishikilia nisitumbukie shimoni. Kisha nikalia. Nilikuona pale, kijana huna hata ndevu, wenzako wameelemewa na mzigo ambao wewe huufikii, nawe ukatafuta cha kuwasaidia ukakipata, ukawasomea kutoka huko hadi Lindi na kifua chako hicho hicho. Ungeniambia hivi tangu mwanzo ningekupenda zaidi ya kwa lile paja.

Barazani watajua kwamba ulisoma, na hiyo ni kweli tupu. Kwa nini ulisoma, litabaki chumbani humu. Bi Salima ameapa hatasema, na Mwajuma mwenyewe hatalijua.

Sasa vaa ile kanzu niliyoitilia darizi, uje Lindi umwone mwenye jina lako. Nitakupeleka Ng'apa unawe uso, na Rutamba ukae ukingoni nami nikuone kama hutangoja maji yapwe. Kisha tutapanda Nitue pole pole, wazee wawili. Goti likinikataa nitakuegemea. Ule mti haukufika begani kwako, lakini mkono wangu unafika.