Mdogo Wangu Amenisahihisha Mbele ya Darasa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijavunja udugu kwa mikono yangu, mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na mdogo wangu niliyemlea tangu mama afariki, niliyemfundisha Kiingereza mwenyewe huku nikimsuka nywele, amemaliza chuo na kupangiwa shule hiihii yangu, nikafurahi mno, sasa wiki iliyopita nimeandika ubaoni ‘She is taller than me’, naye kaja kuazima chaki, akasema, “Dada, hapo ni ‘than I’,” darasa zima likaangua kicheko, nikafuta ubao wote hata yaliyokuwa sawa, na tangu hapo nikimwona nageuza njia, juzi kaniletea chai hadi mlangoni nikamwambia, “Mpelekee anayejua,” akaondoka analia, nami nikabaki nalia, na sasa nataka kuomba uhamisho, maana watoto watanisikiliza vipi tena? Nani kati yetu yuko sahihi, na je, niondoke?

Dada Mkubwa

Dada Mkubwa, pole sana. Sasa kaa nikugombeze.

Tuanze na ubao. Nyote mko sahihi. ‘Than me’ ndiyo wengi wanayosema kila siku, wala si kosa. ‘Than I’ ni ya maandishi rasmi na wasahihishaji wakali. Anayetaka kukwepa ubishi aandike ‘than I am’, yaishe. Rudi darasani uwafundishe watoto namna zote, na uwaambie bila aibu kwamba walimu wao wawili walibishana. Watakuheshimu zaidi.

Lakini wewe hukuumizwa na sarufi, mwenzangu. Umeumia kwa sababu mtoto wako wa mgongoni amekua. Ni kweli alikosea: mkubwa huitwa pembeni, hasahihishwi mbele ya watoto. Mwambie hivyo waziwazi, asikie kwako. Ila na wewe, mtu kakuletea chai mkononi, unamfukuza? Hapo ulimwonea. Ulihangaika ajue, amejua, sasa unamnunia! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu umemlea akapenda kazi yako kuliko kazi zote duniani.

Uhamisho sahau. Ukihama, utakaa shule ya mbali ukiwa sahihi, bila ndugu.

Nenda kwake leo, usingoje aje yeye. Akifungua mlango, usianze na habari za ubao. Mwite lile jina ulilombembelezea alipokuwa akiamka anamlilia mama. Kisha nyamaza, umwache alie.