Sentensi Niliyokuachia Uifute

Ndugu yangu Kamau,

Leo nimetoka Ruiru kwa mama yako, na nakuandikia kabla hasira hazijapoa, ingawa sijui wamekupeleka kambi gani ya kizuizini.

Unazikumbuka Jumamosi zetu pale Thika, kwenye darasa la utunzi? Karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo Mwalimu Ezekieli alitaka kila hadithi ianzie kwenye kibao. Mwenye hadithi alikaa kimya, mwenzake akaisoma kwa sauti, na yeyote asiyeiamini sentensi alilowesha kidole akaifuta. Iliyobaki ndiyo iliyonakiliwa kwenye karatasi. Nilizichukia Jumamosi hizo! Kidole chako hakikukauka.

Niliandika juu ya mazishi ya dada yangu, kwamba machozi yangu yalifurika kama mto Chania. Ulifuta bila hata kunitazama.

"Kwani ulilia kweli?" ukaniuliza.

"Hapana. Nilisikia njaa tu, nikaona haya."

"Sasa si uandike njaa?"

Nilikununia wiki nzima. Halafu nikaandika njaa, na iliposomwa, hakuna aliyelowesha kidole. Siku hiyo ndipo nilipojua kuandika. Mshahara anapokea Ezekieli, lakini aliyenifundisha ni wewe.

Siku ya msako nilikuwa nawe kijijini kwa mama yako. Askari walitupanga wanaume wote kando ya handaki linalozunguka kijiji, wakamleta mtu wa kuwaonyesha washukiwa, amefunikwa gunia asitambulike, naye alipokufikia akaitikia kwa kichwa. Mimi, kwa kuwa si wa kabila lenu, baba alitoka magharibi kufuata kazi ya mkonge, niliambiwa nitoke kwenye mstari. Nikatoka. Mama yako alilikimbilia lori lililokuchukua akiita jina lako. Wewe uliinamisha kichwa, na hukugeuka hadi lori likapotelea vumbini.

Hayo yote nimeyaandika kwenye kibao, kwa sheria yetu ileile, na leo nimemsomea mama yako. Alisikiliza huku akimenya viazi. Nilipofika kwenye lori, akanishika mkono.

"Hapo weka 'aligeuka'."

"Lakini mama, hakugeuka. Tulikuwa wote pale."

"Mimi najua, macho nilikuwa nayo. Wewe andika tu aligeuka, akaniona."

Nilitaka kubishana naye. Nikaona sufuria: amemenya viazi vya watu wawili, naye anaishi peke yake. Basi nikaandika: Aligeuka, akamwona mama yake. Akaniomba nirudie kusoma hapo, nikarudia, akaomba tena.

Kwa nini hukugeuka, Kamau? Labda askari walikukataza. Labda ulijua kwamba ukimtazama utavunjika mbele yao. Nakuelewa, na bado nina hasira nawe. Ungegeuka, leo nisingekuwa na sentensi ya uongo katika hadithi ya kweli kuliko zote nilizowahi kuandika. Imeiharibu yote, na wewe ungeiona kabla msomaji hajamaliza kuitamka.

Kibao nimekiacha kwake, kimeegemea ukuta karibu na kitanda chako ambacho bado anakitandika. Majirani wamekatazwa kukigusa. Mimi nimekataa kuifuta sentensi hiyo, na mama yako hawezi.

Rudi, uloweshe kidole, uifute mwenyewe.

Mwenzako wa dawati moja