Majani Kwenye Kona ya Kruklanki

Jumatatu, 16 Oktoba

Majani yanapukutika. Barabara yote kutoka mjini Węgorzewo ni njano tupu. Wageni wanasimamisha magari kupiga picha. Mimi naona utelezi.

Usalama wa madereva ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nimekwenda kwa bosi Pakulski. Nikamwambia tairi za majira ya baridi ziko stoo, tuzifunge sasa. Akacheka. "Bożena, watu bado wanatembea na fulana! Ngoja sikukuu ya Watakatifu Wote ipite." Nikasema shida si theluji. Lami imeshapoa, majani yamelowa, tairi za kiangazi hazishiki. Akasema kiwanda cha maziwa hakisimamishi magari wakati wateja wamepanga foleni. Haya.

Jumatano, 18 Oktoba

Mvua usiku kucha. Mafunzo ya madereva yameahirishwa tena — maduka yanataka krimu. Nikawasemesha hukohuko uani, wakipakia. Chini ya miti, punguza mwendo. Mwachie nafasi aliye mbele. Futa kioo chote, siyo kitundu cha kuchungulia! Na jua la asubuhi liko chini siku hizi, linapiga machoni.

Witek, mmoja wa madereva, akapiga saluti: "Sawa, mama mkwe!" Wakaangua kicheko. Mzee Gienek, dereva anayestaafu mwaka huu, ndiye aliyenitetea. Akawaambia, "Msikilizeni. Mimi nimezeeka kwa sababu ni mwoga."

Alhamisi, 19 Oktoba

Gienek amefariki.

Kona ya Kruklanki, pale miti inapobana barabara. Polisi wanasema hakuwa anaendesha kasi. Majani yaliyolowa, gari likateleza, mti. Basi.

Nimepokea simu. Nimepanga nani amalizie njia yake. Mtindi wa shule umefika. Nadhani nilikula, sahani ilikuwa tupu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Kwa Halina, mke wake. Tulikwenda mimi na bosi. Alitukaribisha chai, akatupa keki, akakaa wima kama yuko ofisini kwa watu. Kisha akauliza, polepole, kwa aibu: "Na gari lenu, limeharibika sana?"

Bosi aliangalia zulia. Mimi nikasema hapana, mama, si sana. Ukweli ni kwamba limejikunja kama kopo. Sijui kwa nini nilisema vile.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mazishi. Bosi alibeba jeneza pamoja na madereva. Alilia — kilio cha kweli, mabega yakitikisika. Mimi sikulia. Nilikuwa natazama maegesho ya kanisa: majani kila mahali, nani atayafagia?

Danka, dereva wetu pekee mwanamke, alinishika kiwiko. Akasema nina rangi ya maziwa yaliyoganda. Nikasema nimelala vizuri. Kweli nililala. Nalala kama gogo.

Getini bosi akanivuta kando, akasema: Zifunge tairi. Magari yote. Nikajibu ndiyo. Kumbe nilikuwa sahihi! Hakuna kitu nilichohisi.

Jumatano, 25 Oktoba

Tairi zimefungwa. Mafunzo yamefanyika, safari hii hayakuahirishwa.

Hakuna aliyetania. Witek alikaa mbele kabisa. Akauliza, gari likianza kuteleza, nifanyeje? Nikamjibu: toa mguu kwenye mafuta, usikate usukani kwa hofu, macho yaelekee unakotaka kwenda, siyo kwenye mti. Sauti yangu ilikuwa kama ya tangazo la stesheni ya treni.

Walipotoka akabaki nyuma. "Mzee alikuwa hajui haya?"

"Alijua. Tairi ndizo hazikujua."

Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaenda.

Jumanne, 31 Oktoba

Kesho ni Watakatifu Wote. Maduka yatafungwa, kila mtu atakuwa makaburini na mishumaa yake, kwa hiyo leo ndiyo leo. Na ukungu umepanda kutoka ziwani. Mzito! Nimetoka ofisini kwenda uani, sikuiona hata ngazi ya ghala.

Nikamwambia bosi magari hayatoki mpaka upungue. Akasema tuna taa za ukungu, tuna tairi mpya, ulitaka nini tena? Nikasema taa zinamwonyesha mwenzako ulipo, hazikuonyeshi wewe unakokwenda. Akasema krimu itaoza. Itaoza, nikasema.

Akawaamuru wawashe injini. Wakawasha. Wana watoto, wafanyeje.

Sikufikiri. Nimechukua gari la akiba, nimeliegesha likiwa limekingama getini, taa zote zinawaka. Nimejifungia ndani. Naandika juu ya usukani.

Danka alikuja kugonga kioo. "Dada, atakufukuza."

"Najua."

"Akikufukuza, nani atatupigia kelele?" Hakungoja jibu. Nikasikia mlango wa gari lake, kisha injini yake ikazima. Baada ya muda ikazima ya pili. Nyingine bado zinanguruma. Sijui ya Witek ni ipi.

Simu inaita. Bosi. Siipokei.

Sasa anakuja kwa miguu, namsikia akikanyaga kokoto. Anaita, "Bożena! Liondoe hilo gari!" Amekaribia. Amesimama. Naviona viatu vyake tu, nje ya mlango wangu, kwingine kote ukungu umemmeza; vinageuka upande huu, vinageuka upande ule.

"Bożena? Uko wapi?"